Ninavyorekodi mahojiano na watu wenye ulemavu

Kwenye habari za runinga, huruma huingia kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Inaingia na kamera. Mpiga picha akisimama wima mbele ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, lenzi inamtazama kwa juu na mtu mzima anageuka mtoto. Nashusha stendi hadi usawa wa macho yake, kama mita 1.2 kutoka chini, na mwulizaji naye anakaa. Picha inayoanzia miguuni na kupanda polepole hadi usoni siichukui kabisa.

Dereva wa bajaji mwenye ulemavu wa miguu pale Posta, Dar es Salaam, namuuliza kazi kwanza: hesabu ya siku, maegesho, breki ya mguu aliihamishiaje mkononi. Hiyo breki naipiga kwa karibu, vidole vikivuta. "Ulipatwa na nini?" siulizi mpaka aligusie mwenyewe.

Kwa viziwi ndiko kunakoharibika zaidi. Lugha ya alama hutumia mikono, uso na kiwiliwili, kwa hiyo fremu inaanzia chini ya kiuno hadi juu kidogo ya kichwa, viwiko visikatwe. Mkalimani anakaa ubavuni mwa lenzi na ndiye anayevaa kipaza sauti. Swali linakwenda kwa mhojiwa: "Dada, ulianza lini?" Kumwambia mkalimani "muulize alianza lini" ni kumfanya mwenyewe hayupo. Taa imulike mikono, na ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja inayoachana na ngozi yake.

Kisha kuna meza ya uhariri. Tumezoea kufunika maneno kwa picha za soko huku sauti ikiendelea. Ukifunika mikono ya kiziwi umemkata kauli, na viziwi wenzake nyumbani hawaambulii kitu. Picha za nyongeza naziweka kabla au baada ya jibu. Maandishi ni mistari miwili, herufi 40 hivi kwa mstari, chini ya mikono.

Mwenye ualbino simsimamishi kwenye jua la saa sita. Linamuumiza macho, na uso unatoka mweupe tupu. Narekodi asubuhi, kivulini, napunguza mwanga wa kamera mpaka sura isomeke. Kofia na miwani vinabaki. Macho yakichezacheza, asiambiwe ayatulize, hawezi kuyazuia. Asiyeona namweleza kamera iko wapi na inaanza lini.

Kinanda cha huzuni nakitoa. Mhariri akikidai, namfungulia Ibara ya 8 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ulioridhiwa na Tanzania 2009. Inavitaja vyombo vya habari waziwazi.

Namba ya yule dereva naihifadhi kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa kuhusu usafiri. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya za mafuta, naye anapigiwa kama madereva wengine.