Siku Shangazi Alipouliza Swali Maktaba

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Maktaba ya Mkoa wa Mwanza, karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu nene: Ardhi na Mirathi. Wakili atazungumza na kujibu maswali. Saa nane mchana. Hakuna kiingilio, wote mnakaribishwa. Ilikuwa likizo ya Juni mwaka 2003. Nilikuwa kidato cha nne na nilishinda pale kujisomea, kwa sababu nyumbani tulikuwa wengi na meza ilikuwa moja. Nilifunga daftari la kemia nikarudi Kirumba kumchukua shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kutoka Muleba kwa basi, safari iliyomuumiza mgongo. Meli ingemfaa zaidi, lakini tangu MV Bukoba izame Mei 1996 hakutaka tena kusikia habari ya kusafiri ziwani. Alikuja kutafuta ushauri. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kabla ya kufa alimwachia sehemu ya kibanja: migomba, mibuni, na nyumba ambayo shangazi alikuwa akiishi tangu ndoa yake ivunjike. Matanga yalipokwisha, watoto wa kaka yao mkubwa walimwambia avune akipenda, ila asijiite mwenye mali, maana mtoto wa kike hana chake kwenye shamba la ukoo. Baba alimuunga mkono, lakini aliogopa ugomvi wa ndugu, na kila jioni mazungumzo yao yaliishia kwenye "tutaona". Hela ya wakili haikuwepo, kwa baba wala kwa shangazi.

"Kuna kiingilio?" aliniuliza.

"Hakuna, shangazi."

"Na wataandika majina yetu?"

"Hawaandiki."

Akaingia ndani kubadili nguo, akatoka na kitenge chake cha kanisani.

Ukumbi wa kusomea ulikuwa umebadilishwa. Meza zilisukumwa ukutani, viti vikapangwa safu, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia: wanafunzi wenzangu, mama mmoja na mtoto mgongoni, wauza mitumba wawili waliokuwa wameweka mizigo yao karibu na mlango, wazee kadhaa. Hapakuwa na meza kuu wala mgeni rasmi wa kusubiriwa. Mkutubi alimtambulisha wakili kwa sentensi mbili, akakaa. Wakili alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu hivi, na alianza na kisa.

Alituhadithia habari za Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akiwa mzee, hana wa kumtunza, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshitaki. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilikuwa upande wa Bernardo: mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mahakama ya Mwanzo kule Muleba ikampa Bernardo ushindi. Mahakama ya Wilaya ikampa Holaria. Ndipo kesi ikaja Mwanza, Mahakama Kuu, mji uleule tuliokuwa tumekaa tukisikiliza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke na mwanamume wawe sawa kwenye kuuza.

Aliposema "Muleba", shangazi alinishika mkono, na hakuuachia.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasimama na kuuliza, kwa heshima kabisa, ukoo utabaki na nini ikiwa kila mtu ataiuza ardhi kwa wageni. Watu wakaguna, wengine wakipinga, wengine wakikubali. Wakili hakumdharau. Alisema jaji naye aliliona hilo: ardhi ya ukoo ikiuzwa bila ridhaa ya wanaukoo, mmoja wao anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa, awe aliyeuza ni mwanamume au mwanamke. Akaongeza kwamba hukumu ile haikufuta kanuni zote za 1963, kwamba bado zimo vitabuni na bado watu wanazitumia kuwatisha wajane na mabinti. Nilimheshimu sana kwa kutoficha hilo.

Kisha shangazi akanyoosha mkono. Hakuwa mtu wa kuzungumza mbele za watu. Alisimama, akaweka kitenge sawa, akasema: "Mwanangu, huyo mama, alipokwisha kushinda, alibaki pale kijijini au walimhamisha?"

Ukumbi ukatulia. Wakili alifikiri. "Sijui, mama," akasema. "Hukumu haisemi."

"Mimi hilo ndilo ninalotaka kujua," shangazi akasema, akakaa.

Nimehudhuria mihadhara mingi tangu wakati huo, vyuoni na kwenye kumbi zenye viyoyozi, na sijasikia swali zito kuliko lile. Ofisini kwa wakili asingeliuliza, hata kama angekuwa na hela ya kuingia, kwa sababu pale kila dakika ina bei na mtu huulizwa kwanza shida yake ni nini. Mahakamani asingethubutu. Maktaba ilimpa kiti, ikamwacha asikilize shida ya mtu mwingine kwanza mpaka yake ikapata maneno.

Mhadhara ulipokwisha, wakili alimfuata shangazi mwenyewe. Akamuuliza babu aliacha wosia wa namna gani. Wa mdomo, shangazi akajibu, alitamka akiwa kitandani. Mbele ya nani? Shangazi akahesabu kwa vidole: kaka wa marehemu, binamu yao, katekista, na mzee jirani ambaye si wa ukoo.

"Wanne," wakili akasema. "Wawili wa ukoo, wawili wa nje."

Akaeleza kwamba kanuni zilezile za 1963 zinaukubali wosia wa mdomo ukishuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wakiwemo wa ukoo. Wale vijana walikuwa wakimtisha kwa ukurasa mmoja, na kinga yake ilikuwa ukurasa mwingine wa mila hizohizo. "Wote wako hai?" akauliza. Shangazi akasema wako hai, ila mzee jirani anaumwa na hatoki ndani.

"Basi usikae Mwanza, mama. Nenda ukafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo wakiwa hai."

Mkutubi, aliyekuwa akirudisha viti, alitusikia. Akaenda kwenye rafu na kurudi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, toleo la Kiswahili, kurasa zake zimelegea kwa kupekuliwa. Akatufungulia kifungu cha 20, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ya kijiji. Nilikinakili kwenye daftari la kemia, na shangazi akafuata kila neno kwa kidole, akisoma polepole kwa sauti kama alivyosoma Zaburi. Alipofika mwisho alinitaka nichane ukurasa huo nimpe.

Mwaka huohuo wa 1963, ulioleta zile kanuni za urithi, ndio pia Bunge la Tanganyika lilipopitisha sheria ya kuanzisha huduma za maktaba nchini. Nilikuja kulijua hilo baadaye, nami nalitaja kila ninapokutana na kiongozi anayedhani maktaba ni chumba cha wanafunzi kusubiri mitihani.

Baba aliporudi jioni alimkuta shangazi amefunga mzigo. Basi lilikuwa la kesho yake asubuhi, na meli iliondoka usiku uleule. Baba akamkumbusha kuhusu ziwa. Shangazi akamwambia mzee jirani hawezi kusubiri basi. Tulimsindikiza bandarini, akapanda MV Victoria, akateremka Kemondo kulipopambazuka.

Mzee jirani alitoa ushahidi akiwa ameegemezwa kwenye benchi, na alifariki kabla ya uamuzi. Wapwa walipinga, kesi ikaahirishwa mara nyingi, lakini wosia ulikubaliwa. Shangazi alibaki kijijini. Mmoja wa wale wapwa ndiye anayemchumia kahawa siku hizi, kwa malipo waliyokubaliana.