Harufu ya Breki za Kitonga

Kwa takribani miaka ishirini nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mimi si mtu wa safari. Nilisema hivyo ofisini hapa Mbeya nilipokataa uhamisho wa Dar es Salaam ambao ungeniongezea mshahara, nikasema hivyo tena kwa mashemeji zangu wa Morogoro ambao harusi zao tatu sikuhudhuria, na sababu nilizozitoa hazikuwahi kupingwa na yeyote: joto la huko linanizidi, mabasi yanajaza mno, mtoto ana mtihani. Mimi mwenyewe niliziamini. Wenzangu wakazoea kuniona kama mtu mtulivu anayependa nyumba yake na ukungu wake wa Uyole, nami nikaupokea utulivu huo kama tabia niliyozaliwa nayo.

Kulikuwa na jambo moja tu lisilokubaliana na maelezo hayo. Safari za Tunduma, Tukuyu na Kyela hazikunisumbua hata kidogo, ingawa magari ya huko nayo hujaza, na Kyela joto lipo la kutosha. Kilichonishinda ni barabara ya kwenda Dar, tena si yote. Hadi Makambako na Mafinga nilikuwa nikipiga soga na jirani yangu wa kiti. Tukishapita Iringa na kufika Ilula, pale wauzaji wanapoinua nyanya na vitunguu hadi madirishani, ulimi ulikuwa ukianza kunikauka, na basi lilipoanza kuteremka Kitonga nyuma ya malori ya mizigo, harufu ya breki zilizopata moto ikiingia ndani, nilikuwa nikigeuka mtu mwingine. Sikusikia hofu. Nilisikia hasira. Siku moja nilimfokea mzee mmoja, rika la baba yangu, eti kwa sababu mfuko wake wa viazi ulikuwa umeegemea mguu wangu, wakati mfuko huo ulikuwa hapo tangu stendi ya Mbeya.

Mwaka juzi, jikoni kwa mama, mke wangu alikuwa akimsaidia kumenya viazi, na mazungumzo yakafika kwenye safari. “Huyu mumeo alivyolia pale Kitonga, mkwe wangu,” mama akasema, “nilidhani atakata roho.” Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba nilipokuwa na mwaka mmoja na nusu, basi tulilopanda liliishiwa breki kwenye mteremko ule, dereva akaliegemeza kwenye ukuta wa mlima ili lisimame, na abiria wote wakatoka salama isipokuwa waliokatwa na vioo, mama akiwa mmoja wao. Tulikaa kando ya barabara karibu saa mbili, moshi wa breki ukituzunguka na damu ikimtoka mkononi. Nilipomuuliza kwa nini hakunisimulia miaka yote hiyo, alinijibu bila hata kuinua uso kutoka kwenye beseni: “Ningekusimulia nini, mwanangu? Hukuwa na akili bado.”

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kisa kilichochapishwa mwaka 1911 na Édouard Claparède, mwanasaikolojia na daktari wa Geneva. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika kiasi kwamba watu aliokutana nao kila siku aliwaona wageni. Siku moja Claparède alificha pini kati ya vidole vyake na kumchoma walipokuwa wakisalimiana. Mwanamke yule alilisahau tukio hilo upesi kama alivyosahau mengine yote, lakini daktari alipomnyoshea tena mkono aliurudisha wake nyuma, na alipobanwa aeleze sababu, alisema tu kwamba pengine watu hufichaga pini mikononi. Wahenga wetu husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na methali hiyo huchukulia kwamba aliyetafunwa anamkumbuka nyoka. Mgonjwa wa Geneva hakumkumbuka, wala mimi.

Hili linawezekana kwa sababu ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Matukio, yaani nani alikuwapo, wapi na lini, hutunzwa kwa msaada wa sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo kwa mtoto mchanga bado haijakomaa; ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu wazima wengi wasikumbuke chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Kuunganisha hatari na ishara zake, kama sauti au harufu, ni kazi inayotegemea zaidi sehemu nyingine, amigdala. Hata ustadi wa mikono una njia yake. Mmarekani Henry Molaison, aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili katika upasuaji wa mwaka 1953, alifundishwa na mwanasaikolojia Brenda Milner kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, na alizidi kuwa hodari siku hadi siku ilhali kila mara aliamini kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Katika uhakiki wetu wa fasihi eneo hili la nafsi, linalotenda kazi bila sisi kulitambua, huitwa ung'amuzibwete, neno ninalolipenda ingawa hilo “bwete” linanipa picha ya mtu aliyejilaza, na kinachozungumzwa hapa hakilali. Wengi tukilisikia humfikiria daktari Sigmund Freud wa Vienna, kana kwamba wazo lenyewe lilizaliwa naye, ilhali mwanafalsafa Mjerumani Eduard von Hartmann alikwisha kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1869, Freud akiwa bado mvulana. Mchango wa Freud ulikuwa kusema kwamba mengi yaliyomo humo yamefungiwa kwa makusudi, kwa kuwa yanatutia aibu au maumivu. Kwa upande wangu sioni kufuli lolote. Hofu yangu haikufichwa na mtu. Iliingia kabla sijawa na maneno ya kuielezea.

Maneno yalipokuja, yalikuja na sababu za kubuni, na hapa ndipo ninapojiona vibaya zaidi. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jinsi walivyowapangia wapita njia dukani jozi nne za soksi ndefu za nailoni zisizotofautiana kwa lolote, wakawaomba wachague iliyo bora. Waliochagua ya mwisho upande wa kulia walikuwa wengi kuliko waliochagua nyingine yoyote, kisha wakasifu ufumaji wake na ulaini wake. Walipoulizwa kama mpangilio wa soksi ungeweza kuwa umewaathiri, karibu wote walikana, baadhi wakimtazama muulizaji kwa wasiwasi. Mimi ni miongoni mwa wateja wale, ila badala ya ulaini wa nailoni nilisifu baridi ya Mbeya.

Sitaki hata hivyo kuwaunga mkono wanaouza semina za kuamsha akili ya ndani ili mtu atajirike. Biashara hiyo ina ukoo wake: mtafiti wa soko Mmarekani James Vicary alitangaza mwaka 1957 kwamba maneno yaliyomulikwa kasi mno kwenye sinema ya New Jersey yaliwafanya watazamaji wanunue bisi na Coca-Cola zaidi, na baadaye akakiri kwamba habari ile ilikuwa ya kutunga. Wala siwezi kuapa kwamba ajali ile ndiyo chanzo cha yote. Labda nami, kwa kuufurahia mkasa wa mama, nimepata soksi nyingine ya kusifu.

Hata hivyo Desemba iliyopita nilikata tiketi ya Dar, nikachagua kiti cha dirishani. Nilijua kwamba woga uliojengeka hivi haufutiki kwa kuelezwa. Mbwa wa mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, waliozoeshwa kutokwa mate kwa ishara ya chakula kisha wakaachishwa, walirudia kutokwa mate baada ya kupumzishwa tu. Kitonga tulishuka polepole nyuma ya lori la kontena, harufu ikaja kama kawaida yake, nami nikamweleza kijana aliyekaa karibu nami kuhusu basi la utoto wangu, kwa sauti niliyoiona ya kawaida kabisa. Tulipofika Ruaha Mbuyuni basi likasimama, muuzaji akaniletea fungu la vitunguu dirishani. Nilipotaka kutoa pesa ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu wa kushoto bado umekamata bomba la kiti cha mbele, na ilinibidi nivibandue vidole kimoja kimoja.