Kumbukumbu ya mradi: mapanga ya Kipeto yametoka kwenye picha

Yametoka! Nasema mapanga ya mashine za umeme wa upepo za Kipeto, kule Kajiado, Kenya. Matatu kwa kila mashine, unayahesabu moja moja, picha imepigwa kupitia dirisha la ndege kutoka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenda Nairobi na hakuna programu iliyochora kitu ambacho hakikuwepo. Nimekuza kwenye laptopu mpaka vipikseli vinaonekana kimoja kimoja, bado mapanga yapo. Aisee nimefurahi mno.

Wanaofuatilia huu mradi wanajua tulikwama wapi. Minara ilikuwa inatoka, myeupe, imesimama vizuri tu, ila juu yake hamna kitu, au kuna kaukungu fulani mahali ambapo duara la mapanga lilitakiwa liwe. Kila safari hivohivo. Na ukipiga hesabu unaona kabisa haitakiwi iwe hivyo. Kipeto kuna mashine 60 za GE aina ya 1.7-103, hiyo 103 ndio kipenyo cha duara la mapanga kwa mita, na nilivyopima kwenye ramani njia ya ndege inapita kama kilomita 30 mashariki ya pale. Kwa lenzi ya 250mm na sensa ya APS-C (ile ya kamera nyingi za kawaida) ya megapikseli 24, duara zima linapata pikseli kama 220 kwa urefu, panga lenyewe pale katikati linapata pikseli nne hivi kwa upana. Nne ni chache lakini zipo, tena ni kitu cheupe juu ya ardhi ya kahawia, asubuhi jua liko mashariki nyuma yako linazimulika moja kwa moja. Sasa zilikuwa zinaishia wapi?

Nilianza na vumbi maana Kajiado kuanzia Agosti huko mpaka mvua za vuli zishuke hewa inakuwa ya rangi ya chai, kwa hiyo nikangoja mvua zipite. Hewa ikawa safi kweli, kushoto pale mlima Longido ukatoka na makorongo yake yote, ukivuka Namanga unaona mpaka weupe wa Ziwa Magadi kule mbali, nikasema leo ndio leo. Mapanga hamna.

Nikahamia kwenye dirisha. Hapa mnajua yote, kitambaa cheusi na hudi ya mpira mbele ya lenzi kuzuia mng'ao wa ndani, kufuta ile plastiki ya ndani ambayo kila abiria ameegemeza kichwa chake chenye mafuta, fokasi ya mkono maana ukiiachia kamera inang'ang'ania mikwaruzo. Hata polaraiza (kichujio cha kukata mng'ao) nilifunga, na nasema wazi polaraiza kwenye dirisha la ndege iacheni nyumbani, akriliki ile ikishabanwa na kuvutwa inavuruga mwanga, ukichanganya na polaraiza unapata mistari ya upinde wa mvua juu ya Kajiado nzima na hakuna programu ya kuitoa. Lenzi nayo nikaipima huku Arusha, nikapanda juu ya nyumba asubuhi kabla jua halijachoma mabati, nikapiga minara ya simu ya mbali, vyuma vyembamba vya pale juu vikatoka safi. Kwa hiyo lenzi haina kosa, dirisha halina kosa, hewa safi, hesabu inakubali, na mapanga hakuna. Kuna usiku nilikaa na hizi picha mpaka umeme ukakatika na bado nikaendelea na betri.

Kilichonifumbua macho ni mabati. Nilikuwa nafuta picha mbovu nipate nafasi kwenye diski, nikakuta picha mbili za mji wa Kajiado, zimepishana sekunde chache tu. Ya kwanza nimeipiga ndege haijaufikia mji, kamera inaangalia mbele kidogo, kingo za mabati zimenyooka. Ya pili mji uko ubavuni kabisa, mabati yaleyale, kingo zinacheza, zimepinda pinda, kibao cha jengo moja kilichosomeka nusu kwenye picha ya kwanza sasa ni doa. Lenzi ileile, dirisha lilelile, hewa ya nje ileile. Tofauti ni kilichopo katikati, na katikati kulikuwa na moshi wa injini.

Fikiria ATR 72, hii ndege ya pangaboi ninayopanda, ilivyo. Bawa liko juu ya vioo, ndio maana sisi wa picha tunaipenda kuliko jeti ambayo bawa linaziba nusu ya dunia, lakini injini imening'inia kwenye bawa na ile hewa ya moto inatupwa nyuma, na mimi siku zote nakaa nyuma ya bawa maana mlango wa abiria uko nyuma na siti za nyuma ndio unazipata kirahisi. Yaani nilikuwa naangalia Kipeto kupitia joto lilelile unaloliona likicheza juu ya jiko la mkaa. Mnara ni mnene unavumilia, panga la pikseli nne linayeyuka. Kuna kitu kingine hapo, kasi ya shata haisaidii chochote. Nilishapandisha mpaka 1/4000 ya sekunde nikidhani ni mtikisiko, kumbe shata kali inagandisha tu picha iliyokwisha kupindishwa njiani.

Dawa ni kukaa mbele ya pangaboi. Siti za mbele kabisa kushoto. Kuzipata ni shughuli maana ndege ikiwa na watu wachache wanawapanga abiria kwa ajili ya mizani, na ukiomba kushoto wanakuonea huruma. Dada wa kaunta aliniambia kabisa, "Kaka, Kilimanjaro iko upande wa kulia." Nikamwambia nashukuru dada yangu, naujua mlima, naomba kushoto hivyohivyo. Akanipa. Mungu ambariki.

Setingi za siku hiyo: 1/1600, apacha (tundu la lenzi) f/5.6, ISO 400, fokasi ya mkono, stabilaiza imewashwa, lenzi haigusi kioo (ikigusa inanyonya mtetemo wote wa ndege). Msifunge apacha mpaka 11 au 16, mtaanza kupiga picha ya mikwaruzo. Ukishaupita mji wa Kajiado anza kuachia mfululizo, mashine zinakuja kwenye migongo ya vilima, mistari mistari, na ukiwa mbele ya injini unaziona hata kwa macho kwamba zinazunguka. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo kutoka juu. Mikono ilitetemeka kidogo.

Kuhusu simu, najua nitaulizwa. Kamera kuu ya simu kwa umbali ule inalipa duara zima pikseli kumi na kitu, haitoshi. Ukizumu, simu za siku hizi zinakisia, zinapaka na kulainisha, unapata kitu kizuri cha kuwarushia ndugu ila huwezi kusema hilo panga lilikuwa limeelekea vile. Kwa kazi hii nachukua kamera ya mtumba yenye lenzi ya kawaida ya 55-250 kuliko simu ya mamilioni. Na kwenye kusafisha natumia darktable, ni ya bure, kuondoa ukungu inajitahidi sana, sioni sababu ya kulipia programu kila mwezi.

Ngong bado. Mashine za kule kipenyo chake ni mita 52, nusu ya zile za Kipeto, na baadhi ni Vestas V52, aina ileile ya shamba la upepo la Turkana ambako zipo 365. Ndege ikija kutua JKIA, uwanja wa Nairobi, ikitokea kusini magharibi inasogea karibu zaidi na ule mgongo wa Ngong kuliko ilivyokuwa kwa Kipeto, kwa hiyo ingekuwa rahisi, shida ni kona. Ndege inakata kulia kujipanga na uwanja, bawa la kushoto linapanda, dirisha lako linaangalia mawingu matupu wakati ambapo mashine ziko pale chini ya kioo. Ikinyooka zimeshabaki nyuma, na ukiangalia nyuma unarudi kwenye moshi wa injini. Njia ni kuzipiga kabla ya kona, zikiwa mbele kushoto.

Mpango ulikuwa safari ijayo nimalizie Ngong, kisha nichapishe kubwa niweke ukutani pembeni ya ramani ambayo nimeshaweka alama ya Mwenga kule Mufindi, mashine tatu za upepo za kwetu Tanzania. Ila kuna kitu kimenikamata na Ngong itasubiri. Kwenye ule mfululizo nina picha zilizopishana sekunde saba. ATR kwa kilomita 500 kwa saa inatembea kama mita 140 kila sekunde, sekunde saba ni karibu kilomita moja, na kanuni ya picha za macho mawili (jozi inayokuonyesha kina) inataka umbali kati ya picha mbili uwe sehemu moja ya 30 ya umbali wa unachokipiga. Kilomita 30, kilomita moja. Imekaa penyewe! Ukiipa jicho la kushoto picha iliyotangulia kuelekea kusini na la kulia ile ya kaskazini, kwa kuangalia magharibi, vilima vinapishana kwa kina, mnara wa mbele unajitenga na wa nyuma. Mapanga yatakuwa yameshazunguka kati ya picha na picha kwa hiyo yenyewe hayatalingana, macho yanayagombania, hilo nataka nijaribu kuchagua jozi ambayo angalau mashine za mstari wa mbele zimeangukia pembe zinazokaribiana.

Jozi ya kwanza nimeshaiunganisha nyekundu na samawati, inasubiri miwani yenye jicho moja jekundu na jingine samawati. Nailoni nyekundu nimeipata kwenye karatasi za kufungia zawadi pale soko kuu, ya samawati ya bahari bado, zilizopo ni bluu nzito zinaua mwanga wote. Mdau wa Arusha au Moshi anayejua duka lenye nailoni ya samawati nyepesi anielekeze, hata kipande cha kuziba jicho moja kinatosha.