Kaka hakuwa mvivu, ni ugonjwa wa Huntington (uzoefu wangu, Uyole, Mbeya)

Kaka yangu alikuwa mfanyabiashara wa viazi, anapakia fuso hapa Uyole linashuka Dar, hesabu zote ziko kichwani, daftari hana. Alipofika miaka 38 akaanza kukaa tu. Anaamka anakaa kwenye benchi nje mpaka jua linazama, ukimwambia kaka si ulisema unaenda shamba, anajibu naenda, na haendi. Deni la mtu mmoja akalilipa mara mbili. Wifi akasema amechoka na mwanaume mvivu, na mimi nlimsema sana, mpaka leo inaniuma.

Mabega na mikono vilianza kucheza cheza kama miaka miwili baadae, ndo tukakumbuka baba nae alienda hivohivo na ukoo ukasema karogwa sababu ya shamba. Tumezunguka sana jamani. Mwisho daktari wa mishipa ya fahamu akasema ni ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, kipimo cha jeni kikathibitisha. Ni hitilafu kwenye jeni moja iliyopo kromosomu namba 4 (kromosomu ndo zinabeba jeni tunazorithi), mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na mara nyingi akili inaguswa kabla mwili haujaanza kucheza. Kinachoharibika zaidi ni kule kupanga, kuanza jambo, kutoka hili kwenda lile. Yaani anataka kabisa kwenda shamba ila ile ya kuinuka haiji yenyewe.

Dawa zimepunguza kucheza, ya kurudisha akili hakuna. Basi nikaanza kujaribu mwenyewe. "Utakula nini" niliacha kabisa maana anaduwaa halafu anawaka hasira, nauliza "ugali au viazi?" afu nanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, mimi mwongeaji, ila jibu linakuja, linachelewa tu, na ukirudia swali kabla hajajibu unamrudisha mwanzo. Kumbukumbu nayo hivohivo, ukiuliza jana alikuja nani hajui, ukisema "alikuja mjomba?" anakwambia mpaka koti alilovaa!

Asubuhi namwanzishia, nampa jembe mkononi natembea nae mpaka tuta la kwanza, akishaanza anaendelea mwenyewe. Akila redio inazimwa na hatumsemeshi, alishapaliwa vibaya siku moja tukadhani tumempoteza. Kuoga, chai, shamba, saa zilezile kila siku, wageni wakija bila taarifa siku yote inavurugika.

Mimi sijapima. Daktari alisema nisipime kwa kusukumwa na mtu, nikae na mshauri kwanza. Nina watoto wawili, usiku nalifikiria hilo.

Juzi kaka kapalilia matuta manne. Wifi akamfata na chai hukohuko shambani, akamuuliza "na mkate au bila?", akakaa chini pembeni yake akasubiri.