Rufaa tumeshinda, pointi ziko wapi?

Jamani ile red (kadi nyekundu) ya Bruno Fernandes wetu wa Man United bado inaniuma. 29 Septemba 2024, Old Trafford, dakika ya 42, mtu kateleza, mguu umemgonga Maddison wa Tottenham, refa Kavanagh huyo na nyekundu moja kwa moja, VAR (marefa wa video) nao wametulia tuli kama hawajaona kitu! Kibanda umiza kizima tulisimama, kasoro wale wa Arsenal, wanacheka tu. Tukapigwa 3-0 (sawa, moja tulishafungwa mapema, sibishi). Siku 2 baadae FA (chama cha soka England) wanakubali rufaa, kadi imefutwa, adhabu ya mechi 3 hamna. Asanteni sana, ila kipindi kizima cha pili tulichocheza 10 nani anaturudishia? Halafu Alhamisi yake, mechi na Porto, Bruno huyohuyo kala nyekundu nyingine, nikazima simu nikalala.