Waziri Aulizwe Pia Kuhusu Walezi

Tangu 2023, mawaziri wa Kenya hufika mbele ya Bunge kujibu maswali ya wabunge ana kwa ana, na maswali ninayoyafuatilia kwa moyo wote ni yale ya Inua Jamii, mpango unaozipa shilingi 2,000 kwa mwezi kaya zenye wazee, mayatima na watoto wengine walio katika mazingira magumu, au watu wenye ulemavu mkubwa. Mara nyingi swali huwa ni moja: kwa nini malipo yamechelewa?

Ni swali la haki, lakini halitoshi. Kwa upande wa mayatima, kiasi hicho hulipwa kwa kaya, si kwa kila mtoto, hivyo nyanya anayelea wajukuu watano hupata sawa na anayelea mmoja, ingawa kila mtoto ana sare yake, madaftari yake na sahani yake ya ugali. Naye mama wa mtoto asiyeweza kujilisha wala kujigeuza kitandani hawezi kwenda kibarua. Ni nani anayemhesabia ujira anaoukosa? Ningependa mbunge wangu amuulize waziri hilo, na asikubali jibu lisilotaja kiasi wala tarehe.