Watoto wa Mchana

Mwandiko wangu ndio ulioniingiza katika kamati ya skuli. Skuli yenyewe ni ya msingi, ya serikali, iko mashamba kidogo nje ya mji wa Wete kisiwani Pemba, na wajumbe wengi wa kamati ile walikuwa watu wazima walionizidi kwa maarifa na kwa maneno. Lakini palipohitajika orodha ya kusomeka, daftari lilisukumwa mbele yangu. Kwa hiyo Januari 2012, wazee walipokuja kuwaandikisha watoto wa darasa la kwanza, mimi ndiye niliyekaa nyuma ya meza na kuandika majina kwa kadiri watu walivyofika. Vyumba havikutosha, na skuli ilikuwa ikisomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Waliotangulia niliwaandika asubuhi. Ukurasa wa asubuhi ulipojaa, nikafunua wa mchana. Jina la mwanangu lilikuwa la nne katika ukurasa wa kwanza, nami sikuona ajabu yoyote, kwani nyumba yetu iko nyuma ya uwanja wa skuli na siku hiyo nilifika pale kabla ya mwalimu mkuu.

Aliyeandikwa asubuhi alibaki wa asubuhi mwaka hadi mwaka, na wa mchana alibaki wa mchana. Hakuna aliyeipitisha kanuni hiyo. Ilikuwapo tu, kama njia ya mguu katika shamba la mtu.

Mkondo wa asubuhi uliingia saa moja na nusu, watoto wameoga na wamekunywa chai, ukatoka saa sita. Mkondo wa mchana uliingia jua limekaa utosini na bati limeshashika moto, ukatoka karibu na saa kumi na moja. Vipindi vyao vilifupishwa ili vyote vienee kabla ya jua kushuka. Walimu wengine walikuwa wale wale waliosomesha asubuhi, na mtu aliyesimama mbele ya watoto 80 tangu alfajiri hana sauti iliyobaki ya kuwasomesha 80 wengine. Mabuku yalikuwa ya kugawana, na buku lililoondoka katika mkoba wa mtoto wa asubuhi halikuwa na njia ya kumfikia wa mchana. Mvua ya masika ikitanda alasiri, darasa lilivunjwa mapema, kwa kuwa wapo watoto wenye bonde la mpunga la kuvuka kabla ya kufika kwao. Lango lilikuwa moja, mwalimu mkuu mmoja, na mchango wa kila mzee ulikuwa sawa na wa mwenzake. Lakini ndani ya lango lile zilikuwamo skuli mbili, na moja ilikuwa bora kuliko nyingine.

Waliojaa katika ukurasa wa pili walikuwa karibu wote watoto wa kitongoji cha pwani. Siku zile za Januari baba zao wengi walikuwa dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, na mama zao walikuwa kwenye mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa zaidi kazi ya wanawake, kazi ambayo mwenyewe hachagui saa, bahari ndiyo inayomchagulia. Bamvua likifika, maji hutoka mbali sana wakati wa asubuhi, na mwanamke atakayekaa foleni skulini siku hizo amezipoteza mpaka mwezi upevuke au uandame tena. Mimi nilikuwa nikiyajua haya, kwani nani kwetu asiyeyajua? Lakini sikuwahi kuyaweka pamoja na lile daftari langu. Wala sikuwahi kujiuliza asubuhi ya mtoto wa mchana inapitaje. Haikuwa asubuhi ya kulala. Alimfuata mama yake baharini, akafunga mwani, akarudi saa tano, kisha akavaa sare juu ya miguu iliyokauka chumvi na kuja kusoma hesabu.

Mkutano ninaoukumbuka uliitwa Jumamosi moja ya Aprili 2014, katika chumba cha darasa la sita. Ajenda niliiandika mwenyewe na ilikuwa moja tu: mchango wa kuendeleza boma. Kwa utaratibu tuliouzoea huku, wananchi hujenga kwa nguvu zao msingi na kuta mpaka kwenye linta, kisha serikali humalizia kwa kuezeka. Boma letu la vyumba viwili lilikuwa limesimama chini ya linta kwa misimu kadhaa ya karafuu, hata mipapai ikaota ndani yake na kuzaa. Wakati ule wazee walikuwa bado wakichangia. Mwaka uliofuata, 2015, ndipo Rais Ali Mohamed Shein alipotangaza kuifuta michango katika skuli za msingi. Tulitarajia mkutano wa saa moja, watu walalamike kidogo kama kawaida, kisha tukubaliane kiwango.

Mwalimu mkuu alipomaliza kueleza bei ya saruji, mama mmoja wa pwani alisimama nyuma ya darasa. Nilikuwa nikimfahamu kwa sura. Binti yake alikuwa darasa la tatu kama mwanangu, ila wa mchana. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alitoa kutoka katika pindo la leso yake kikamba cha plastiki, vile vikamba vifupi vya kufungia mwani, akaja mbele akakiweka juu ya meza yangu. Kilikuwa kimefungwa mafundo.

"Mwalimu, kabla ya saruji," alisema, "naomba mnihesabie haya."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Basi akahesabu mwenyewe, fundo moja moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu kamba zake ufukweni. Yalikuwa 19. Alieleza kwamba yeye hakujaaliwa kusoma sana, lakini kila jioni humwambia mwanawe afungue daftari, na jioni ambayo daftari halina hata mstari mmoja wa siku ile, hufunga fundo. Alianza kufunga skuli zilipofunguliwa Januari. "Mtoto wangu anatoka nyumbani kila siku anakuja skuli. Siku 19 amekuja, na skuli haikuwapo. Nataka kujua wanetu wana kosa gani hata wawe wa mchana miaka yote."

Kulikuwa na mzee mmoja wa upande wetu, mtu wa mzaha, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Chelewa chelewa, bibi, utamkuta mwana si wako." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ningependa kuandika vingine lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Mwana ni wangu," yule mama alimjibu. "Ndiyo maana nimekuja kumzungumzia."

Kicheko kilikatika. Kisha mabishano yakaanza, na hayakuwa mabishano ya watu wabaya. Wazee wa asubuhi walisema watoto wao huenda chuoni mchana, na ustadhi hawezi kubadilisha darasa lake la Kurani kwa ajili ya skuli. Hoja hiyo nilikuwa nimeiandaa mimi mwenyewe kichwani, nikasikia mwenzangu ananitangulia kuisema. Mama wa pili wa pwani akajibu kwamba wao nao wana chuo, ila watoto wao husoma baada ya magharibi kwa taa, na si kwamba walipenda. Mjumbe mmoja wa kamati alipinga kubadilisha chochote kwa nguvu kuliko wote, akataja nidhamu, akataja matokeo ya mitihani, ilhali watoto wake wawili walikuwa wakisoma skuli ya kulipia huko Chake Chake. Mpaka leo sijaelewa alikuwa akimpigania nani.

Aliyebadilisha upepo alikuwa mzee mmoja mkongwe, mchumaji karafuu wa zamani, ambaye wajukuu zake walikuwa wa asubuhi. Alijiegemeza kwenye mkwaju wake na kusema kwamba yeye alikuwa kijana barobaro tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, na kwamba kabla ya hapo kukaa darasani kulitegemea baba yako ni nani na ana nini. "Tulifurahi siku ile," alisema. "Lakini sikumbuki kuambiwa kwamba iko elimu ya anayekaa karibu na elimu ya anayekaa mbali." Kisha akaketi, na akaanza kutafuta tumbaku yake kana kwamba hakusema neno.

Mwalimu mkuu aliuliza orodha ya mikondo ilipangwa vipi. Alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu mwaka mmoja uliopita, na aliuliza kwa kutaka kujua. Nikasimama. Mikono yangu ilikuwa na baridi ingawa darasa lilikuwa na joto la watu.

"Niliandika mimi," nilisema. "Nilifuata waliotangulia kufika."

Nilimgeukia yule mama nikitarajia maneno makali, na nafikiri yangenisaidia, kwa sababu ningepata la kujibu. Yeye alinitazama kwa upole ulionishinda. "Sikulaumu, dada yangu," alisema. "Wewe u jirani wa skuli. Mimi ni jirani wa bahari."

Tulikaa mpaka adhuhuri ikaingia, wanaume wakatoka kusali, wakarudi. Hatimaye ilikubaliwa kwamba mikondo ibadilishane kila muhula, wa asubuhi waingie mchana na wa mchana waingie asubuhi, na kwamba mabuku yasitoke darasani kwenda majumbani, yabaki yatumiwe na wote. Haikukubaliwa kwa furaha. Mchango wa boma ulipita kwa dakika tano tu, kwani kila mtu alikuwa ameshachoka kubisha. Watu walipoanza kutawanyika, yule mama alirudi mezani.

"Nipe kikamba changu," aliniambia. "Bamvua limekaribia."

Nilimpa. Aliyafungua mafundo kwa meno palepale, mpaka kikamba kikanyooka, akakitia tena katika pindo la leso.

Mwezi wa Mei tulikwenda Wete, wazee sita, watatu wa kila upande, kulipeleka jambo hili ofisini kwa wakubwa wa elimu, kwa sababu mwalimu mkuu hakutaka kubadilisha utaratibu bila wao kujua. Tulisubiri kwenye benchi asubuhi nzima, tukapokewa kwa dakika chache, tukaambiwa kwamba upangaji wa mikondo ni wa skuli yenyewe na kwamba tungeandika barua tu ingetosha. Nikaandika barua.

Baada ya Idi, muhula wa pili ulipoanza, niliandika orodha upya. Nilianza na ukurasa wa mchana, na jina la mwanangu nikaliweka mahali pake, la nne kama mwanzo. Mume wangu alilisoma juu ya bega langu. Aliniuliza kama mtoto wa katibu hana haki ya kutazamwa kidogo. Nikamwambia kwamba alishatazamwa miaka miwili na nusu. Hakunijibu, ila usiku ule chakula alikula kimya.

Siku ya kwanza mwanangu alizurura uwanjani tangu asubuhi, kila saa akija kuuliza kama skuli bado. Saa sita akaenda. Nyumba yetu iko karibu, nimeshasema, kwa hiyo saa kumi na moja na dakika chache alikuwa amerudi, shati limemganda mgongoni. Nikamwambia afungue daftari. Kulikuwa na tarehe, imeandikwa vizuri na kupigwa mstari chini, na baada ya tarehe hakukuwa na kitu. Alisema mwalimu alikuwa na kichwa kinamuuma. Siku ya pili kulikuwa na mistari mitatu. Siku ya tatu walitoka mapema.

Siku ya nne asubuhi nilivaa buibui langu nikaenda kwa mwalimu mkuu kumuuliza kwa nini vipindi vya mchana vimefupishwa, na kama hawezi kuwapangia mchana walimu ambao hawakusomesha asubuhi. Nilidhani ningekuwa peke yangu. Barazani kwake nilikuta mama saba na wanaume wawili, wote wa upande wetu, wote watoto wao walikuwa wa asubuhi mpaka wiki iliyopita. Yumo na yule mzee wa mzaha, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatoa ratiba yake juu ya meza akiipiga kalamu.

Tulipokuwa tumesimama pale, yule mama wa pwani alipita njiani na gunia la mwani mkavu kichwani, anakwenda kwa mnunuzi. Aliona umati barazani, akapunguza mwendo, akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi.

"Karibuni mchana," akasema, akaenda zake.